Nyundo ya Mpini Mfupi

Kioo cha sanduku la nne kilikuwa na alama za vidole tena. Mama Chiriku alikipulizia siki, akakisugua kwa gazeti lililokunjwa, kisha akasogea pembeni kukitazama kwa ubavu, maana kioo ukikitazama kwa mbele kinakudanganya. Bado kulikuwa na ukungu kwenye kona ya chini. Akapiga goti, akaipumulia kona ile, akasugua tena. Ndani ya sanduku, juu ya kitambaa cheusi, ilikuwa imelazwa nyundo ya mtoto wake.

"Achana nacho, dada, utakitoboa," mlinzi alimwambia kutoka mlangoni. Alikuwa mzee wa meno machache na maneno mengi, na asubuhi ile alikuwa amepewa sare mpya kwa ajili ya wageni, ikampwaya mabegani.

"Mgeni rasmi akikuta alama ya kidole, ataulizwa nani? Wewe au mimi?"

"Mimi naulizwa vitu vikiibiwa. Vikichafuka ni juu yako." Akapiga funda la chai. "Ila dunia ina mambo. Nyundo ya kokoto imewekewa kioo, kufuli na mlinzi. Mimi mwenyewe kwangu hata mlango haufungi."

Siku nyingine Mama Chiriku angecheka. Leo aliinama tu akakusanya magazeti yake. Alikuwa amekata shauri tangu alfajiri, akiwa njiani, anatembea kwa miguu kwa kuwa nauli ilikuwa imepanda tena: kabla wageni hawajafika atakwenda ofisini kwa mkurugenzi, aiombe nyundo irudi nyumbani. Kesho isingewezekana. Maonyesho yakishafunguliwa, masanduku yote yanafungwa hadi msimu uishe, na kidole cha binti yake kisingengoja msimu uishe.

Maonyesho yenyewe yalihusu utoto, wa zamani na wa sasa, na yalijaza vyumba vitatu vya jumba la makumbusho. Mama Chiriku alikuwa amevifagia vyote tangu vilipokuwa vumbi la saruji na mbao. Cha kwanza kilikuwa cha kale kabisa: picha kubwa za watoto waliovishwa nguo za kikubwa, wamesimama wima, nyuso zao zimekunjamana kama za watu wenye madeni. Cha pili kilikuwa cha kazi. Cha tatu, kilichopakwa rangi ya njano, kilikuwa cha leo, kina bembea, wanasesere wa manyoya, vitabu vya picha, na ukuta mzima ulioandikwa haki za mtoto kwa herufi kubwa, haki ya kucheza ikiwa juu kabisa. Mtembeza wageni alikuwa akifanya mazoezi humo kila siku kwa sauti, kwa hiyo Mama Chiriku naye alishayakariri maneno yake: kwamba zamani mtoto alihesabiwa kuwa mtu mzima aliyechelewa kurefuka, kwamba akiacha ziwa aliingia kazini, kwamba huu utoto tunaoujua leo ni kitu cha juzijuzi. Alikuwa akiyasikia hayo huku anafagia, na mara nyingine alijiuliza hiyo juzi ilikuwa juzi ya nani.

Chini ya sanduku la nne palikuwa na kibao cha maelezo. Nyundo ya mtoto, kilisema. Ilitumiwa na watoto wadogo kuponda kokoto katika zama ambazo utoto haukutambuliwa. Mpini ulifupishwa makusudi ili mtoto aanze kazi mapema.

Neno hilo "makusudi" lilikuwa limemkaa kooni tangu kibao kilipogongwa pale. Si kwamba lilikuwa la uongo. Baba yake Mama Chiriku alikuwa ameufupisha ule mpini makusudi, hilo hakuna wa kulikana. Lakini aliyeandika hakuwahi kukiona kidole gumba cha mama yake.

Mama yake, ambaye sasa mtaa mzima ulimwita Bibi, alianza kuponda kokoto kabla nyundo hazijafika kwenye kilima chao cha mawe. Waliponda jiwe kwa jiwe. Unakaa chini, unaweka jiwe katikati ya miguu, unalishika kwa mkono mmoja na kulitwanga kwa jiwe jingine, na jiwe halichagui. Kabla hajavunja ungo, kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimeshatoka kwenye kiungo chake, kikapona vibaya, kikabaki kimeangalia nyuma mpaka leo. Mumewe alikula naye sahani moja miaka yote hiyo, akakitazama kidole kile kila siku. Binti yao, ndiye Mama Chiriku huyu, alipofikia umri wa kukaa kwenye lundo la mawe, yule baba alikwenda kwa mhunzi akatengenezewa kichwa kidogo cha nyundo kutokana na springi ya lori, chuma kisichomeguka. Mpini aliukata mwenyewe. Alimwambia binti yake anyooshe mkono, akaupima kutoka kiwiko hadi kiganja, akaukwangua ule mti kwa kigae cha chupa hadi ukawa laini, akaupaka mafuta. Akaileta nyundo nyumbani ndani ya karatasi kama mtu aliyeleta nyama.

Majirani walikuja kuiona. Walimcheka. "Wewe unamdekeza huyo mtoto," walimwambia, "mpini wa kupimiwa, kesho utamnunulia na mto wa kukalia!" Yeye alicheka nao, lakini hakuona haya. Msichana alilala na nyundo yake usiku ule, ameikumbatia. Katika maisha yake yote hakuwahi tena kupewa kitu kilichotengenezwa kwa kipimo chake, hata gauni la harusi lilikuwa la kuazima.

Sasa kibao kinasema makusudi, na baba yake amekwishaoza kaburini, hana wa kumsemea.

Nyundo ilikuwa imefikaje kwenye kioo? Kwa ujinga wake mwenyewe Mama Chiriku, na kwa aibu. Alipopata kazi ya ufagizi hapa aliapa kwamba mtoto wake hatakaa kwenye lundo. Kiapo kilidumu muda mzuri tu. Halafu mumewe akaenda kutafuta kazi kwenye migodi ya mbali, simu zake zikapungua, zikaisha. Unga ukapanda, mafuta yakapanda, mwenye nyumba naye hakutaka kubaki nyuma, mshahara peke yake ndio uliokaa palepale kama umefungwa kamba. Chiriku akaanza kumsaidia Bibi jioni, kidogo tu, baada ya shule. Hiyo kidogo tu ikawa kila siku. Alikuwa na miaka tisa, na mdomo wake haukupumzika, ndiyo maana akaitwa Chiriku. Aliponda kwa ile nyundo ya babu yake huku anahadithia, na kokoto zake zilikuwa ndogo na sawasawa, wanunuzi wakazipenda kuliko za wakubwa.

Siku moja mpini ulilegea. Mama yake aliitia nyundo mkobani ampelekee fundi seremala wa makumbusho aigongee kabari, kwa kuwa fundi yule hakuwa mtu wa kudai chochote. Mkurugenzi alipita karakanani akaiona juu ya meza.

"Hii imetoka wapi?" aliuliza, ameinyanyua kwa mikono miwili kama kifaranga. "Chumba cha pili kimekosa kitu hasa kama hiki! Ya nani?"

Fundi alimnyooshea kidole Mama Chiriku. Naye akaona macho ya madam yanavyong'aa, akawaza, nikisema ni ya binti yangu, na leo jioni anaihitaji, macho haya yatanitazamaje? Akasema, "Ni yangu, madam. Ya utotoni. Ya zamani hiyo." Mkurugenzi alimkumbatia, aproni na vumbi lake vyote. Ukweli usemwe wote: Mama Chiriku alijisikia vizuri. Nyundo ya baba yake ilikuwa inaingia kwenye kioo, mahali pa taji na panga za watu wakubwa. Tena aliwaza kwamba binti naye atapumzika wiki chache.

Lakini lundo halikujua habari za maonyesho. Walijaribu nyundo ya misumari kutoka dukani, na siku ya kwanza tu kichwa kilichomoka, kikapita karibu na jicho la Bibi. Mhunzi wa zamani alikuwa amekufa na siri zake. Kwa hiyo Chiriku akashika nyundo ya mkubwa, ile ya Bibi, kwa mikono miwili. Aliyeishika kwa mikono miwili anakosa mkono wa kushikilia jiwe, basi akajifunza kulibana jiwe kwa ubavu wa kiganja huku vidole vya mkono uleule vimeshika mpini. Juzi nyundo iliteleza. Ilimpata kidole cha shahada, juu kidogo ya kucha.

Kwenye zahanati, muuguzi alikigeuzageuza kidole akauliza kimefanyaje.

"Mlango," alisema Chiriku, kama alivyofundishwa njiani.

Muuguzi alimtazama mtoto, akamtazama mama, akaona vumbi jeupe kwenye nywele za mtoto. "Milango ya kule kilimani ina meno," alisema. "Huyu ni wa tatu wiki hii." Akafunga bandeji aliyowaambia waende kwanza kuinunua nje, akasema kucha itatoka, mfupa huenda una ufa, mkono usiguse kazi. Akaita mwingine.

Mkono ulipumzika siku moja tu. Jana jioni Mama Chiriku alirudi akamkuta binti yake amekaa kwenye lundo, nyundo kubwa mkononi, kidole kilichofungwa kimesimama pembeni peke yake. Bibi alikuwa na homa, amelala. "Lori linakuja Jumamosi, mama," mtoto alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Basi ndiyo sababu ya kwenda ofisini.

Mkurugenzi alikuwa kwenye simu. Viti vilikuwa pungufu, kipaza sauti kilikuwa kinakoroma, maua yamekuja ya rangi siyo. Mama Chiriku alisimama mlangoni, mikono ameifunga chini ya aproni, akasubiri. Mwanamke huyu hakuwa mbaya, na hilo lilifanya iwe vigumu zaidi. Alijua majina ya wafagizi wote, na mwaka jana alimletea Mama Chiriku viatu vyake ambavyo havikuwa vimechakaa hata kidogo.

"Ingia, ingia mama. Kuna nini? Usiniambie maji yamekatika."

"Maji yapo, madam. Nimekuja kwa ile nyundo."

"Nyundo yetu! Watu wa magazeti wameshaipiga picha. Unajua ndicho kitu kimoja tu mle ndani ambacho mwenyewe yupo hai?"

"Naomba unirudishie, madam."

Mkurugenzi aliweka simu chini. Mama Chiriku alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, na yote yakamtoroka. Akasema vivyo hivyo yalivyokuja. Kwamba hakusema kweli siku ile, au alisema nusu. Kwamba nyundo ni yake ya utotoni, lakini sasa ni ya binti yake, naye ndiye aliyekuwa akiipondea kokoto. Kwamba tangu ije hapa mtoto anatumia ya mkubwa, imemponda kidole.

Mkurugenzi alivua miwani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, machozi ya kweli, Mama Chiriku aliyaona.

"Chiriku? Yule wa kuongeaongea uliyemleta siku ya likizo?"

"Huyo huyo."

"Mungu wangu. Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na wewe unataka nikupe nyundo umpelekee."

"Ile ni nyepesi, madam. Inamtosha mkononi. Anaweza kushika jiwe kwa mkono wa pili, asijiumize."

"Mama Chiriku, jisikilize unavyosema." Mkurugenzi alisimama. "Nimekaa mwaka mzima naandaa maonyesho ya kusema jambo hili hili. Sasa nifungue kioo, nichukue nyundo, nimpe mtoto wa miaka tisa? Kwa mkono wangu? Siwezi. Hata ungekuwa wewe usingeweza."

"Nyundo anayo, madam. Hiyo kubwa."

"Basi asishike kabisa!"

"Tutakula nini?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Mkurugenzi alitazama karatasi zake mezani, akatazama saa ya ukutani.

"Hilo tutalizungumza," alisema kwa upole. "Nakuahidi. Baada ya leo nitaongea na watu wa ustawi wa watoto, waje nyumbani waone."

Watu wa ustawi walikuwa wamekuja kilimani mara moja. Walimchukua kijana wa jirani wakampeleka nyumba ya kulelea watoto, kwa sababu mama yake alimwachia lundo, na yule mama mpaka leo huomba ruhusa kumwona mwanawe kupitia dirishani. "Usiwaite, madam. Nakuomba. Yameisha, sisemi tena."

"Sitaki kukuumiza."

"Najua."

"Nyundo ikae pale ilipo. Huko ndiko mahali pake sasa." Mkurugenzi alimshika bega. "Siku moja utanishukuru. Haya, vaa aproni safi, wako njiani."

Mama Chiriku alitoka akaenda stoo. Alikuwa amekuja kuomba kitu chake mwenyewe na amenyimwa kwa huruma. Angenyimwa kwa dharau angejua la kufanya, angekasirika, angalau angemwambia mlinzi wakasengenya. Sasa hakujua amkasirikie nani. Alivaa aproni safi, akafunga kilemba upya mbele ya kipande cha kioo kilichobandikwa ukutani.

Wageni walifika wakati jua limeshakuwa kali. Mgeni rasmi alikuwa bwana wa makamo, mpole, sauti ya chini, na alikuwa amemshika mkono mjukuu wake wa kike aliyevaa viatu vinavyomulika. Mama Chiriku alisimama ukutani katika chumba cha pili, kitambaa mkononi, kazi yake ikiwa ni kufuta kila mahali patakapoguswa. Wakapita chumba cha kwanza, wakatikisa vichwa. Wakaingia cha pili. Mjukuu alikwenda moja kwa moja hadi sanduku la nne akabandika pua kwenye kioo.

"Babu, hii ni saizi yangu! Naweza kuishika?"

"Hapana, mama," alisema babu yake. "Itakuumiza mkono."

Watu walicheka kwa upendo. Mtembeza wageni akasoma kibao kwa sauti, na alipofika kwenye mpini, alipaza neno makusudi kidogo ili liwafikie na wa nyuma. Ndipo mkurugenzi akapiga hatua mbele. Uso wake ulikuwa umechangamka tena. Labda aliamini anampa heshima mtu aliyekuwa amemnyima kitu muda mfupi uliopita. Watu wema wana haraka ya kulipa.

"Mheshimiwa, kuna jambo halikuandikwa kwenye kibao," alisema. "Mtoto aliyeitumia nyundo hii bado yupo. Tunafanya naye kazi. Mama, sogea hapa tafadhali."

Watu walimpisha. Mama Chiriku alijikuta yupo katikati ya duara la viatu safi. Hakujua afanye nini na kitambaa, akakificha nyuma.

"Pole sana, mama yangu," mgeni rasmi alisema. "Ulianza ukiwa na umri gani?"

"Sita, mheshimiwa. Au saba. Hatukuwa tunaandika."

"Na nani alikupa nyundo?"

"Baba."

Mguno wa huzuni ulipita kwenye chumba. Mwanamke mmoja aliweka mkono kifuani. Mama Chiriku aliwatazama, akaelewa wanachokiona: baba katili, mtoto aliyenyang'anywa utoto, giza la zamani.

"Alinipenda," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Alinipimia mpini kwa mkono wangu. Mama yangu aliponda jiwe kwa jiwe, kidole kikageuka. Baba hakutaka na mimi nigeuke kidole."

Mgeni rasmi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. "Hata upendo wa zama zile ulikuwa mgumu," alisema, na mwandishi wa gazeti akaandika. "Na wewe sasa, mama, una watoto?"

"Ninaye mmoja. Wa kike."

"Kama huyu wangu?"

"Wamelingana."

"Naye anacheza?" Mgeni rasmi alitabasamu, watu wote wakatabasamu, kwa kuwa swali lilikuwa jepesi na jibu walikuwa nalo. Walishaanza kugeuza miili kuelekea chumba cha njano.

Mama Chiriku alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa anatazama viatu vyake. Kando yake alikuwepo mama mmoja aliyebeba faili la idara ya ustawi wa watoto, kalamu amechomeka sikioni. Upande wa pili wa kioo nyundo ilikuwa imelala na mpini wake wa kiganja kidogo. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni, yana uzito, angeweza kuyatema palepale. Aliwaza mshahara. Akamwaza yule jirani kwenye dirisha la nyumba ya watoto.

"Anacheza, mheshimiwa," alisema.

Walimpigia makofi. Mjukuu wa mgeni rasmi naye alipiga, akirukaruka, viatu vikamulika. Kisha msafara ukaingia chumba cha tatu, na Mama Chiriku akabaki nyuma na kitambaa chake, akafuta alama ya pua kwenye kioo. Hakuangalia ndani.

Mlinzi alimfuata mlangoni jioni alipokuwa anatoka. Alikuwa amevua koti la sare, amelikunja vizuri ili alirudishe. "Umeongea vizuri," alisema. Halafu, kwa kuwa alikuwa anajua kilima na watu wake, hakuongeza mzaha.

Mama Chiriku alitembea upesi. Njia ilipanda kutoka barabara ya lami hadi kwenye changarawe, na kutoka kwenye changarawe hadi kwenye mteremko wa machimbo, ambako sauti za nyundo zilisikika kabla watu hawajaonekana. Wakati wote alikuwa na wazo moja kichwani. Alikuwa amesema mbele za watu kwamba mtoto wake anacheza. Basi atacheza. Leo tu, hadi giza liingie, yatakuwa kweli.

Bibi alikuwa amenyanyuka kitandani, amekaa kwenye gunia pembeni mwa lundo, amejifunika kanga mabegani kwa homa. Chiriku alikuwa amebana jiwe kwa kiganja na anainua nyundo kubwa kwa kuhesabu, mpaka tatu ndipo aishushe.

"Lete," mama yake alimwambia.

"Bado kidogo, mama, hili linaanza kufunguka."

"Lete nyundo. Inuka."

Mtoto aliinuka, akajipangusa vumbi la magoti. Mama alikaa mahali pake, aproni ya makumbusho ikiwa bado kiunoni. Jiwe lilikuwa na joto la mkono wa mtoto.

"Nenda ukacheze," alisema.

Chiriku alimtazama kama aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni. Akamgeukia bibi yake.

"Umesikia mwenyewe," Bibi alisema. "Kazini kwao wameleta mtindo. Sisi utoto tulikuwa nao, wewe usinione hivi. Tuliamka nao, jua likitoka umeshakwisha." Akakohoa, akacheka, kisha akaona uso wa binti yake, akaacha kucheka. "Nenda mjukuu wangu. Mama yako amesema ucheze."

"Nicheze na nani?"

Mama Chiriku aliinua macho. Mteremko mzima ulikuwa mbele yake, jua likiupiga kwa upande. Lundo la jirani, mtoto. Lundo linalofuata, watoto wawili na bibi yao. Kule chini kwenye shimo, mapacha wa fundi baiskeli, mmoja anaponda na mwingine anachekecha. Kila mmoja alikuwa ameinamia jiwe lake, na hakuna aliyekuwa amekaa bure isipokuwa mtoto mchanga mmoja, aliyefungwa mgongoni mwa dada yake, anayeinuka na kuinama kila nyundo inapoinuka na kushuka.

Alishusha nyundo kwenye jiwe, likagoma. Akapiga tena likapasuka.

"Kaa hapa nami, basi," alisema. "Nihadithie."

Chiriku alikaa. Alianza hadithi ya msichana wa darasani kwao aliyemeza kifungo, akaikatiza, akaianza upya. Mama yake aliponda huku anaitikia. Baadaye kidogo, katikati ya hadithi, bila kuangalia, mtoto alinyoosha mkono wake usioumia akachukua jiwe jingine kutoka kwenye lundo, akaliweka mbele ya mama yake, tayari. Kisha jingine. Mama Chiriku aliona, na hakumkataza.